UZI: Boeing ni jina la mtu, na huyo mtu aliwahi kubeba barua kwa ndege yake mwenyewe

Mzee wa Stempu:
Wakuu habari za jioni. Juzi kijiweni kulizuka ubishi mpaka kahawa ikapoa, dogo mmoja anasema Boeing ni kifupi cha maneno kama TANESCO, mwingine anasema ni mji huko Marekani, muuza kahawa mwenyewe akafunga mjadala kwamba Boeing ni aina ya injini. Nikasema jamani hilo ni jina la mtu, alikuwa na mama yake na mke wake kama nyie, wakanicheka hadi nikaondoka. Sasa nimekuja kulimwaga hapa na kesho nawatumia link kwenye grupu la kijiwe.

Kabla sijaanza niseme, mimi ndege sizijui sana. Mimi ni mtu wa stempu. Nilianza kukusanya nikiwa darasa la tano, dingi alikuwa anapata bahasha zile zenye mistari myekundu na ya bluu pembeni na kibandiko cha KWA NDEGE, nazitia kwenye beseni la maji stempu inabanduka yenyewe. Kwa hiyo huyu jamaa nimemfikia kwa njia ya barua. Na nikishamaliza mtaona kwamba hata ndege za abiria tunazopanda leo zilifika hapa kwa njia hiyohiyo.

Anaitwa William Edward Boeing. Kazaliwa Detroit tarehe 1 Oktoba 1881. Baba yake alikuwa Mjerumani, Wilhelm Böing, alihamia Marekani akapiga hela kwenye mbao na kwenye ardhi yenye madini ya chuma kule Minnesota. Dingi akafariki 1890 kijana ana miaka nane. Mama akaolewa tena, mtoto akapelekwa kusoma Uswisi, akarudi, akaingia Yale, 1903 akaacha chuo bila kumaliza. Ila msije mkawaambia watoto wenu waache shule eti Boeing naye aliacha, huyu aliacha chuo akiwa na urithi, akaenda jimbo la Washington kununua misitu. Huko ndiko pesa yake mwenyewe ilikotoka, mbao, na 1908 akahamia Seattle.

Naandika simu ina asilimia 11, nachaji narudi.

Kijiti Kavu:
Umeanza na dingi tajiri, mimi hadithi za watoto wa matajiri zinanichosha mapema. Lete ya mtu aliyeanzia zero.

Bi Mdogo:
Kijiti si upite tu, lazima ucomment? Mzee endelea, nimeshatandika mkeka hapa.

Mzee wa Stempu:
Nimerudi. Kijiti vumilia kidogo, kuna mtu wa pili kwenye hii stori nadhani utampenda.

Januari 1910 kulikuwa na maonyesho makubwa ya ndege karibu na Los Angeles, watu wamejazana kuona maajabu. Boeing kaenda. Akamfuata rubani Mfaransa, Louis Paulhan, akamwomba ampandishe hata mara moja. Paulhan kamwambia sawa subiri. Jamaa akasubiri siku tatu, anakuja asubuhi anaondoka jioni, siku ya mwisho anaambiwa Mfaransa kashafungasha kaondoka zake. Tajiri kapigwa danadana kama anayefuatilia hati ya kiwanja.

Ilibidi ipite miaka ndipo apande. Tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru, rubani mmoja anaitwa Terah Maroney alileta ndege ya majini Seattle anapakia watu, Boeing akapanda na rafiki yake Conrad Westervelt ambaye alikuwa mhandisi wa jeshi la majini, wanapokezana. Kwenye zile ndege hakuna kochi wala mkanda, unakaa ukingoni mwa bawa miguu inaning'inia unajishikilia, upepo wote wako. Waliposhuka hawakuongelea uzuri wa mandhari bwana, waliongelea ubovu wa ile ndege. Wakaona wao wanaweza kutengeneza bora zaidi.

1915 Boeing akaenda shule ya urubani ya Glenn Martin huko Los Angeles, akajifunza, na akanunua ndege ya Martin kabisa. Ikaletwa Seattle kwenye makreti ikaunganishwa. Haikukaa sana ikaharibika. Kuuliza spea, anaambiwa asubiri miezi. Wenye magari humu mnaujua huo wimbo. Tofauti ni kwamba sisi tunaenda kwa fundi wa mtaani, yeye alikuwa tayari na karakana ya kuundia boti aliyoinunua 1910 na mafundi seremala wanaojua mbao vizuri, na ndege za wakati ule ni nini? Ni mbao, waya na kitambaa kilichopakwa rangi. Na msitu wa mbao nyepesi ngumu za sprusi anao.

Wakaunda ndege mbili, wakaziita B&W, herufi za Boeing na Westervelt. Tarehe 15 Juni 1916 ya kwanza iko tayari pale Lake Union, ziwa la hapohapo Seattle, watu wamekusanyika, rubani wa majaribio Herb Munter hajafika. Kachelewa. Boeing akangoja wee, uvumilivu ukamwisha, akapanda mwenyewe akairusha. Munter anafika anakuta ndege iko juu, mwenye mali ndani yake.

dogo_injinia:
Hapo nimecheka. Sasa ngoja niongezee nondo kidogo mzee, kuna mtu huwa anarukwa hapa. Mhandisi wao wa kwanza mwenye shahada ya ndege alikuwa Mchina, Wong Tsu, mzaliwa wa Beijing, kasomea chuo cha MIT hukohuko Marekani. Westervelt alikuwa kahamishwa na jeshi akarudi mashariki, kampuni haina mtu wa mahesabu, akachukuliwa Wong. Ndiye aliyefanya kazi kubwa kwenye Model C, na hiyo Model C ndiyo iliyopata oda ya jeshi la majini la Marekani, ndege 50, wakati wa vita vya kwanza. Bila hizo 50 kampuni ingebaki duka la tajiri anayecheza na ndege. Wong hakukaa, alirudi kwao akaenda kuanzisha kiwanda cha ndege cha China huko Fuzhou.

Mzee wa Stempu:
Dogo barikiwa. Kwenye notisi zangu nimeandika "Mchina" tu.

Basi kampuni iliandikishwa Julai 1916 kwa jina Pacific Aero Products, mwaka uliofuata ikawa Boeing Airplane Company. Vita vinaisha Novemba 1918 na oda nazo zikaisha, na soko limejaa ndege za jeshi zinauzwa bei ya mtumba, nani anunue mpya? Hapa ndipo naombeni mtulie. Kampuni ya Boeing, hii ya 787, ikaanza kutengeneza FANICHA. Makabati ya vyumbani, kaunta za maduka, na maboti. Mafundi seremala hawakutaka kukaa bure na mwenyewe akawa anatoboka mfukoni kulipa mishahara.

Na hizo B&W mbili zilizozaa kampuni, aliziuza New Zealand kwenye shule ya urubani. Desemba 1919 mojawapo ilibeba barua rasmi za kwanza za ndege za nchi ile, kutoka Auckland kwenda Dargaville, rubani George Bolt. Mnaona barua zinavyomfuata?

Ila kabla ya hapo alishazibeba mwenyewe. Sasa nawaletea yule mtu wa pili. Eddie Hubbard. Rubani kwelikweli, aliajiriwa pale 1917, akili yake kutwa iko kwenye barua, anaamini ndege ikipewa barua inajilisha yenyewe.

Mapema 1919 huko Vancouver, Kanada, kulikuwa na maonyesho ya biashara, waandaaji wakataka kiki, wakasema tubebe barua kwa ndege mpaka Marekani. Boeing na Hubbard wakachukua Model C ya Boeing mwenyewe, iliitwa C-700. Tarehe 27 Februari wanaondoka Seattle, wanakutana na theluji, hawaoni kitu, wanatua Anacortes wanalala. Kesho yake ndio wanafika Vancouver. Tarehe 3 Machi wakapewa gunia lina barua 60. Sitini tu wakuu, ungeweza kuzibeba kwenye rambo. Wanarudi, upepo unawapiga usoni, mafuta yanakata, wanashuka Edmonds kujaza, ndipo wakatua Lake Union. Karibu saa tatu nzima kwa safari ambayo hata maili 150 haifiki. Hizo ndizo barua za kwanza kuingia Marekani kwa ndege kutoka nchi nyingine. Kuna picha maarufu wamesimama mbele ya ndege na gunia lao, wamejifunika kama wavuvi wa Siberia.

Na bahasha zile chache zilizobaki mimi siwezi kuzinunua hata niuze kiwanja cha Kibaha.

Kijiti Kavu:
Samahani. Nani alikuwa ameshika usukani?

Mzee wa Stempu:
Hubbard.

Kijiti Kavu:
Kwa hiyo kichwa cha uzi ni uongo. Boeing alikuwa abiria tajiri aliyeshikilia gunia. Nilijua tu.

kipanga_wa_ziwa:
Kijiti leo umepiga penyewe, lakini ndege ni yake, kiwanda ni chake, urubani kasomea, na amekaa ndani ya ile baridi na theluji wakati angeweza kubaki nyumbani na chai. Matajiri wangapi unaowajua wangepanda kitu cha mbao na kitambaa Februari? Na mzee kaandika "aliwahi kubeba barua kwa ndege yake", hajaandika "alishika usukani".

Kijiti Kavu:
Huo ni uwakili.

Mzee wa Stempu:
Hoja yako naipokea Kijiti, na ndiyo maana Hubbard nimemtaja kwa jina. Ukitaka niseme ukweli wangu, nadhani mmoja bila mwenzake asingefika. Subiri 1926 uone.

Baada ya zile barua 60 Hubbard hakulala. Aliona kitu ambacho watu wa ofisini hawakukiona. Meli za Asia zinazotoka Seattle zinapitia Victoria upande wa Kanada kabla hazijaingia bahari kuu, na zinazokuja zinagusa Victoria kwanza. Kwa hiyo ukiwa na ndege Seattle unaweza kuikimbiza barua iliyochelewa meli ukaikuta Victoria, na zile zinazotoka Asia unazipokea kabla meli haijafika. Posta ya Marekani ikampa tenda, Oktoba 1920 akaanza. Alitumia Boeing B-1, ndege ya majini ya kwanza ya kiraia kampuni ilitengeneza baada ya vita, iliruka mara ya kwanza Desemba 1919, na ilitengenezwa moja tu kwa sababu nani anunue ya pili. Hiyo moja ilipiga kazi miaka nane, ikatembea maili 350,000, ikaua injini sita. Injini sita! Bodi ileile. Kama daladala ya Mbagala.

Nairobi_Eastlando:
Manze mzee hii stori ni moto, niko kwa matatu na nimepita stage yangu. Lakini niulize, kwani serikali ya Amerika ilikuwa haina ndege zake za posta?

Mzee wa Stempu:
Swali zuri sana. Walikuwa nazo. Walianza 15 Mei 1918, Washington kwenda Philadelphia mpaka New York, mbele ya rais wao Wilson kabisa. Rubani wa kwanza kutoka Washington, Luteni George Boyle, akapaa watu wanapiga makofi, akafuata reli ya kwenda upande mwingine, akapotea, akatua shambani huko Maryland na ndege ikapinduka. Barua zake zikapelekwa kwa gari. Huo ndio uzinduzi.

Ila hawakukata tamaa, 1920 wakawa wamefika San Francisco, mwanzo barua zinaruka mchana tu, usiku zinapakiwa kwenye treni. Februari 1921 wakajaribu usiku, rubani Jack Knight akavuka Nebraska mpaka Chicago gizani, ramani ya kuungaunga, watu chini wanamuwashia mioto aone njia. Baadaye wakajenga minara ya taa bara zima, na chini ya minara wakamwaga zege mishale mikubwa iliyopakwa rangi ya njano, rubani anautazama unamwelekeza taa inayofuata iko wapi. Mingine ipo mpaka leo huko porini, watu wanaenda kupiga nayo picha.

Halafu 1925 wakatunga sheria, posta iache kurusha yenyewe, njia zitolewe kwa tenda kwa watu binafsi.

kipanga_wa_ziwa:
Ngoja nichomekee na la kwetu, usinikatishe mzee. Huku Mwanza tulipata barua za ndege kutoka London mwaka 1931, Imperial Airways, Februari mwishoni ndege ya kwanza iliondoka Uingereza, njia inapita Misri na Khartoum inashuka mpaka Kisumu kisha Mwanza. Mwanzoni Mwanza ndiyo ilikuwa mwisho wa reli, kama tunavyosema. Babu yangu alikuwa akisema watu walitembea kutoka vijijini kuja kuangalia tu.

Nairobi_Eastlando:
Kisumu represent! Sasa nimejua.

Mzee wa Stempu:
Kipanga hiyo fungulia uzi wake, mimi nitakuwa wa kwanza.

Sasa 1926 inaisha na posta inatangaza tenda ya njia kubwa, Chicago kwenda San Francisco, maili kama 1,900, mlima na jangwa ndani yake. Hubbard anakimbia na mahesabu mkononi mpaka kwa Claire Egtvedt mhandisi wa kampuni, wanapiga hesabu wee, wanakwenda kwa bosi. Boeing kawasikiliza, kaona ni hatari mno. Inasimuliwa kwamba usiku ule hakupata usingizi, mkewe Bertha akamtia moyo, asubuhi akawaita akawaambia wapeleke zabuni.

Bei waliyoweka ikawa dola 2.88 kwa ratili ya barua mpaka mwisho wa njia. Wenzao wakadhani wamechanganyikiwa, posta yenyewe ikaogopa ikataka dhamana ya dola 500,000, Boeing akaidhamini yeye binafsi. Hapo Kijiti naomba uandike kitu.

Kijiti Kavu:
Hapo sawa. Hubbard asingekuwa na hiyo nusu milioni.

dogo_injinia:
Na siri ya ile 2.88 iko kwenye injini, wala sio uchawi. Washindani wengi bado walikuwa wanapiga hesabu na injini za Liberty za wakati wa vita, zinapozwa kwa maji. Maana yake una rejeta, una mabomba, una maji yenyewe, vyote hivyo vinapaa na wewe. Malipo ni kwa ratili ya barua. Kila ratili ya maji unayobeba juu ya Milima ya Rocky ni ratili ya barua ambayo hujalipwa. Boeing wakatumia injini mpya ya Pratt & Whitney Wasp, inapozwa na upepo, nyepesi, haina rejeta ya kuvuja wala kuganda barafu. Ndege ikaitwa Model 40A, inabeba ratili 1,200 za barua. Na nafasi iliyobaki wakaweka kichumba kidogo katikati, viti viwili.

Bi Mdogo:
Viti viwili vya nani tena?

dogo_injinia:
Vya abiria. Nao wamewekwa ndani kwenye kivuli, rubani ndiye yuko nje nyuma yao, kichwa kinapigwa upepo na theluji.

Mzee wa Stempu:
Na hapo ndio pointi yangu ya uzi mzima jamani. Abiria aliingia kwenye ndege hii kama nyongeza, kama yule anayekaa juu ya magunia kwenye fuso la mkaa. Mwenye gari ni mzigo, wewe unalipa kinachobaki.

Tarehe 1 Julai 1927 Boeing Air Transport ikaanza kazi. Ndege zaidi ya 20 zilikuwa zimeundwa ndani ya miezi michache, ya kwanza ilizinduliwa na Bertha mwenyewe. Abiria wa kwanza kutoka Chicago alikuwa mwanamama, Jane Eads, mwandishi wa gazeti la hapohapo, kavaa viatu vya kisigino na skafu ya manyoya kapanda ndege ya barua. Iowa City, Omaha, North Platte, Cheyenne, Salt Lake City, Reno, wanashuka wanajaza mafuta wanabadilisha rubani wanapaa tena, karibu saa 23 mpaka San Francisco. Nauli ya njia ile ilikuwa dola 200, pesa ya kununulia gari lililotumika wakati huo.

Na wale waliotabiri hasara wakakaa kimya kwa sababu biashara ililipa tangu mapema. 1930 kampuni ikaajiri wahudumu wa kike wa kwanza wa ndege, manesi, wazo la nesi Ellen Church ambaye kwanza aliomba kazi ya urubani wakamkatalia.

Ila Hubbard hakuyaona hayo. Aliugua akafariki Desemba 1928, hata miaka 40 hajafika. Mtu karuka na mbao juu ya maji ya barafu miaka yote, ndege haikumuua, kaja kufia hospitali.

Nakula kwanza, mama watoto ameita mara tatu.

Bi Mdogo:
Jamani Hubbard. Nilikuwa nimeshampenda.

Kijiti Kavu:
Kila Boeing uwanja wa Nyerere imeandikwa jina la mwingine. Nasema tu.

Mshua_Ughaibuni:
Nipo Seattle hapa mwaka wa kumi na nne, nikaona niingie. Ile B-1 ya Hubbard ipo, imening'inizwa darini kwenye jumba la makumbusho pale kando ya Lake Union, ziwa lenyewe walilokuwa wanatua. Nilimpeleka mwanangu, kaangalia dakika mbili akauliza choo kiko wapi.

Lakini mzee kuna ukurasa naomba usiuruke. Boeing alipoachana na ndege alirudi kwenye ardhi, akakata viwanja kaskazini mwa Seattle, mitaa kama Blue Ridge, Richmond Beach na Innis Arden. Kwenye hati za viwanja kukawekwa sharti kwamba asiyekuwa mzungu haruhusiwi kununua wala kuishi pale, isipokuwa kama ni mtumishi wa ndani. Limeandikwa kabisa. 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema masharti ya aina hiyo mahakama haziwezi kuyasimamia, ila maneno yalibaki kwenye makaratasi ya watu miaka mingi sana. Mimi leo napita pale naenda kazini.

kipanga_wa_ziwa:
Duh. Hiyo imeniuma. Asante kwa kuisema.

Kijiti Kavu:
Haya sasa msifuni.

Mzee wa Stempu:
Nimerudi, na Mshua asante. Nilikuwa nayo kwenye notisi nikawa nasitasita niiweke wapi, nikaogopa uzi ugeuke vita. Umenisaidia na nimejisikia vibaya kidogo. Haikuwa Boeing peke yake, wakati ule sehemu nyingi za Marekani zilikuwa zinafanya hivyo, lakini sahihi kwenye viwanja vile ilikuwa yake na ya mkewe. Ibaki hapo kama ilivyo.

Namalizia na kwa nini aliacha ndege, maana hata hilo chanzo chake ni barua.

1929 Boeing na Frederick Rentschler wa Pratt & Whitney waliunganisha makampuni yao yote chini ya mwavuli mmoja, wanatengeneza injini, wanatengeneza ndege, wanabeba barua na abiria, hela inazunguka ndani kwa ndani. Na malipo ya posta yalikuwa na mianya, wakati ule wa kulipwa kwa ratili walikuwepo makandarasi waliokuwa wanajitumia wenyewe mizigo mizito kwa posta ili walipwe kuisafirisha, stempu inagharimu kidogo malipo yanakuja mengi. Kumbe ujanja wa aina hii hatukuuvumbua sisi. 1930 mkuu wa posta Walter Brown akabadilisha sheria, akawaita wakubwa wa makampuni mezani, njia zikagawanywa, wadogo wakabaki nje wanalia.

Serikali ikabadilika, akaingia Roosevelt. Seneta Hugo Black akaanza uchunguzi, Februari 1934 Boeing akaitwa Washington akahojiwa saa nyingi mbele ya kamati, maswali ya faida, hisa, uliweka ngapi ukatoa ngapi. Huyu alikuwa mtu mpole, wa heshima zake, hapendi kelele, wafanyakazi wake walimwita Mr. Boeing hadi mwisho. Kuulizwa vile mbele ya magazeti kulimkata maini. Siku chache baadaye Roosevelt akafuta mikataba yote ya barua za ndege akalikabidhi jeshi kazi hiyo. Katikati ya Februari, baridi kali kuliko zote, vijana wa jeshi hawajazoea kuruka usiku wala kwenye mawingu, ndege zao hazina vifaa. Zaidi ya wanajeshi kumi walikufa ndani ya miezi hiyo. Charles Lindbergh, ambaye naye alikuwa rubani wa barua kabla hajavuka Atlantiki, alimpinga rais hadharani kwa telegramu.

Mwishowe barua zikarudi kwa makampuni, lakini Juni 1934 ikatoka sheria, anayetengeneza ndege haruhusiwi kumiliki shirika linalobeba barua. Ule mwavuli ukapasuliwa vipande vitatu: United Air Lines upande huu, Boeing Airplane Company upande ule, na United Aircraft na injini zake kule mashariki. Mwaka huohuo akapewa medali ya Guggenheim ya mchango katika urukaji, na mwaka huohuo akauza hisa zake zote akaondoka. Ana miaka 52. Akaenda kufuga farasi.

Bi Mdogo:
Aliondoka kabisa? Hata kupitapita kiwandani?

Mzee wa Stempu:
Alisaidia kidogo kama mshauri wakati wa vita vya pili, basi. Ndege za kudondosha mabomu za B-17 na B-29 zilibuniwa na kampuni yenye jina lake na yeye hana hisa hata moja. Tarehe 14 Mei 1954 walimwita kwenye uzinduzi wa Dash 80, ile jeti iliyokuja kuzaa 707, Bertha ndiye aliyepasua chupa kwenye pua ya ndege kama alivyozindua ile ya barua 1927. Mzee kasimama pembeni anaangalia.

Alifariki 28 Septemba 1956 ndani ya boti yake, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 75. Boti iliitwa Taconite, hilo ni jina la mwamba wenye chuma, ule ule wa ardhi ya baba yake kule Minnesota. Majivu yake yakamwagwa baharini pwani ya British Columbia.

Kijiti Kavu:
British Columbia si ndio huko Vancouver, zilikotoka zile barua 60?

Mzee wa Stempu:
Ndiko.

Kijiti Kavu:
Hm. Kesho nikiwa na bando nitamtafuta Hubbard, kama kuna stempu yake nikuletee.

Nairobi_Eastlando:
Mzee tag mimi ukiandika ya Kisumu na Mwanza. Na hao wa kijiwe washaamini?

Mzee wa Stempu:
Nimewatumia link tangu saa mbili. Muuza kahawa amejibu neno moja tu, "ndefu".